Mfumo wa Pick unaganda saa mbili na dakika kumi na moja, kisha unaachia wenyewe

mwana_wa_changamwe
Salaam aleikum wadau. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjaniambia ninunue mfumo mpya, hilo bosi ashalikataa mara tatu.

Nafanya kazi kwenye yadi ya makontena huku Changamwe. Mfumo wetu ni wa ukoo wa Pick, zile hifadhidata za zamani zenye lugha yake ya programu ndani. Siku hizi unakaa juu ya UniVerse, mmoja wa ukoo huo, kwenye seva ya Linux, lakini programu zenyewe ziliandikwa kwa BASIC miaka ya tisini na mzee ambaye ashastaafu, yuko kwao Lamu. Geti, malipo, stoo, ankara, vyote vimo humo. Mimi niliajiriwa kuangalia mtandao na printa, nikarithi na hili.

Karibu kila siku karani wa geti hubonyeza kutoa pasi ya lori, skrini ikasimama. Haitoi kosa, haisemi neno. Kisha geti la pili nalo, kisha dirisha la malipo. Dakika kumi baadaye watu wote wanatazamana na trela zimepanga foleni hadi barabarani, na honi za madereva wetu mnazijua. Wanaochapisha ripoti au kutafuta kontena liko safu gani hawaguswi kabisa, wanaendelea na kazi.

Dawa yetu ni kuzima seva na kuwasha. Mwezi huu tumezima mara tisa. Sasa yameanza na mengine: kuna kontena mfumo unasema lipo yadini, na lilitoka wiki iliyopita kwa macho yangu. Na mteja mmoja ametozwa gharama ya kontena la mwenziwe.

La ajabu ni hili. Siku mbili bosi hakuwepo, tukaacha bila kuzima. Jumanne iliganda saa tano na dakika nane, ikaachia yenyewe saa saba na dakika kumi na tisa. Alhamisi saa tatu na dakika arubaini, ikaachia saa tano na dakika hamsini na moja. Nimepiga hesabu: zote mbili ni saa mbili na dakika kumi na moja. Jini gani hili lenye saa ya mkononi?

kaka_wa_likoni
Jini la miaka ya tisini hilo yakhe. Hamisha kila kitu uende hifadhidata ya kisasa, PostgreSQL, kisha njoo huku ng'ambo nikununulie madafu.

mwana_wa_changamwe
@kaka_wa_likoni nilisema mapema!!

mdudu_wa_linux
Diski imejaa? Kumbukumbu je? Tupe hali ya seva wakati imeganda.

mwana_wa_changamwe
Diski nusu tupu, prosesa imelala usingizi. Ukitazama seva utadhani ni Jumapili.

mama_reality
Mwanangu, usizime tena hiyo seva.

Mimi kazi hii niliianza kwenye Reality, mfumo wa ukoo huo huo wa Pick, mashine za Microdata, ujana wangu. Terminali ikikutana na rekodi iliyoshikwa na mwengine ilikuwa ikilia, piip, piip, piip, mpaka aliyeishika aachie. Ofisi nzima mnajua, na mara nyingi mnajua ni nani. Seva isiyo na kazi na skrini zilizosimama, ni hadithi hiyo hiyo. Skrini zako zinangoja kufuli.

Programu inayotaka kubadilisha rekodi huisoma kwa READU. Herufi U ya mwisho ndiyo inayoomba kufuli. Ikilipata, mwengine yeyote atakayeomba READU ya rekodi hiyo hiyo atangoja, na kama aliyeandika programu hakuweka kifungu cha LOCKED, atangoja kimya bila kuambiwa chochote. READ ya kawaida haiulizi kufuli. Ndio maana watu wako wa ripoti wanapita tu kama waliokuja matembezi.

Makufuli yote yameandikwa kwenye jedwali ndani ya kumbukumbu ya seva. Ukizima, jedwali linafutika, kazi inarudi, na ushahidi umeutupa baharini. Ikiganda tena, ingia kwenye akaunti ya UV, ya UniVerse yenyewe, kama msimamizi uandike:

LIST.READU EVERY

Utaona namba ya mtumiaji aliyeshika, aina ya kufuli (RU ndiyo ya kubadilisha), namba ya inodi ya faili (namba ambayo Linux hulitambua faili kwayo), na jina la rekodi. Faili halitajwi kwa jina, kwa hivyo rudi Linux uitafute kwa inodi yake: find . -inum na hiyo namba. Kisha rudi UniVerse:

PORT.STATUS LAYER.STACK

Tafuta humo namba ya aliyeshika. Hiyo itakwambia yuko ndani ya programu gani, na programu hiyo iliitwa na ipi. Usimfukuze mtu bado. Niletee ulichoona.

mwana_wa_changamwe
Shukran sana Mama. Sikujua hata kama kuna pa kuchungulia.

Imeganda leo saa nne kasoro robo, nikakimbia. Wanaoshika makufuli ni wengi, lakini wengi wao wameshika rekodi za lori na kontena tofauti tofauti, kila mtu na yake. Mmoja peke yake, mtumiaji 61, ameshika rekodi inayoitwa GATE.NO, yenye namba ya pasi ya mwisho. Inodi imenipeleka kwenye faili la CONTROL. PORT.STATUS inasema 61 yuko ndani ya GATE.OUT, programu ya kutoa pasi.

61 ni tableti ya geti la nyuma. Nikaenda kwa miguu na jua lile. Karani yuko pale, mkono kiunoni, tableti imeganda. Namuuliza, "umefungua pasi hujamaliza?" Anasema la, mtandao ulimkatikia trela ilipopita kati yake na antena, akaingia upya. Nikarudi kutazama: ameingia upya kama mtumiaji 64. Na 64 yuko kwenye GATE.OUT, anangoja GATE.NO.

Yaani anamngoja yeye mwenyewe!

kaka_wa_likoni
Subhanallah. Mzimu wake umekaa kwenye kiti chake.

mdudu_wa_linux
Sasa nimekuelewa, na saa ya jini lako naijua.

Tableti ikipotea hewani haimuagi mtu. Seva haijui kama upande wa pili umekufa. Na programu imesimama kwenye swali, inangoja karani ajibu, kwa hivyo seva haina chochote cha kutuma ambacho kingekosa jibu na kuishtua. Kimya pande zote mbili.

Linux ina ukaguzi wa muunganisho ulionyamaza. Kwa mipangilio yake ya kawaida, inangoja sekunde 7200 za kimya ndipo ibishe hodi. Hodi isipojibiwa hurudia kila baada ya sekunde 75, mara 9, kisha hukata. Mara 9 kwa 75 ni 675. Jumlisha na 7200 upate 7875. Gawa: saa mbili, dakika kumi na moja na sekunde kumi na tano. Hapo kikao cha 61 kinakatwa, prosesi yake inakufa, kufuli linaachiliwa, geti linafunguka.

Ondoa hiyo saa mbili. Kwenye sysctl, mipangilio ya Linux yenyewe:

net.ipv4.tcp_keepalive_time = 300
net.ipv4.tcp_keepalive_intvl = 30
net.ipv4.tcp_keepalive_probes = 4

Mzimu utaishi dakika saba, hautafika saa mbili. Kama mnaingia kwa ssh, weka pia ClientAliveInterval kwenye sshd. Na hiyo antena ihamishe, iko wapi kwani, nyuma ya kontena?

mwana_wa_changamwe
@mdudu_wa_linux wallahi nimesoma hesabu hiyo nikasimama. Antena iko kwenye paa la ofisi, na wiki mbili zilizopita wamepanga makontena matupu matano kwenda juu mbele yake. Ndio maana shida imezidi mwezi huu.

Basi nimalize? Niweke hizo sysctl nikalale?

mama_reality
Weka, lakini usilale. Dakika saba na honi za trela ni nyingi, na mtandao ungekuwa mzuri vipi, karani akienda msalani na swali liko kwenye skrini, utaganda vile vile. Swali langu ni hili: kwa nini lori moja lililokwama getini lizuie dirisha la malipo? Rekodi ya lori lile hakuna mwengine anayeihitaji. Inayohitajiwa na wote ni GATE.NO, na hiyo hapana mtu anayepaswa kukaa nayo mkononi. Tuoneshe GATE.OUT inapoishika.

mwana_wa_changamwe
Hii hapa, nimepunguza:

READU NAMBA FROM F.CONTROL,"GATE.NO" ELSE NAMBA = 0
NAMBA = NAMBA + 1
CRT "PASI NA. ":NAMBA
CRT "NAMBA YA LORI: ":
INPUT LORI
CRT "KONTENA: ":
INPUT KONT
(hapa kuna mistari kama sitini ya kukagua na kuuliza)
CRT "THIBITISHA N/H: ":
INPUT JIBU
IF JIBU = "N" THEN
   WRITE NAMBA ON F.CONTROL,"GATE.NO"
   GOSUB CHAPISHA
END

mama_reality
Ndiyo hiyo. Kufuli linachukuliwa mstari wa kwanza na linaachiliwa kwenye WRITE ya mwisho. Katikati mna INPUT tatu za kumngoja karani aandike, na mistari sitini. Pasi moja ikichukua dakika mbili, yadi nzima inatoa pasi moja kwa dakika mbili, hata siku ambayo mtandao ni mzima. Hamjawahi kujiuliza kwa nini geti la pili halikuongeza kasi?

Na tazama karani akijibu H. WRITE haifanyiki, RELEASE, amri ya kuachia kufuli, haipo, kufuli linabaki mkononi mwake hadi kitu kingine kiliachie. Anadhani ameghairi.

Hiyo ELSE nayo ina mtego wake. Wengi hudhani rekodi isipokuwepo basi hakuna kilichofungwa. READU ikiingia ELSE, kufuli limeshachukuliwa kwa jina la rekodi ambayo haijazaliwa. Kwenye GATE.NO haikudhuru kwa kuwa rekodi ipo, lakini mahali karani anapoandika namba ya kontena kimakosa, programu ikisema HALIPO na kumrudisha mwanzo bila RELEASE, ameacha kufuli nyuma. Pitia programu zote utafute READU na ndugu zake MATREADU na READVU, na kila njia ya kutokea uhakikishe ina WRITE, DELETE au RELEASE. WRITEU usiihesabu, hiyo huandika na kufuli ikabaki nalo.

Namba uichukue mwisho, karani akishasema N:

100 READU NAMBA FROM F.CONTROL,"GATE.NO" LOCKED
   CRT "Imeshikwa na mtumiaji ":STATUS()
   SLEEP 1
   GOTO 100
END THEN
   NAMBA = NAMBA + 1
   WRITE NAMBA ON F.CONTROL,"GATE.NO"
END ELSE
   RELEASE F.CONTROL,"GATE.NO"
   CRT "GATE.NO haipo, mwite msimamizi"
   STOP
END

Kati ya READU na WRITE pasiwe na INPUT, pasiwe na kuchapisha, pasiwe na chochote kinachomngoja binadamu au karatasi. Ndani ya LOCKED, STATUS() inakupa namba ya aliyeshika, kwa hivyo hamtahitaji tena kukimbia juani.

mhasibu_kizingo
Samahani naingilia, mimi si mtu wa kompyuta. Mama, mzee wa Lamu huenda alifanya vile kwa makusudi. Pasi za geti tunazikagua kwa mfuatano. Namba ikiruka, mkaguzi anauliza pasi ile ilienda wapi, na "kompyuta iliruka" si jibu. Ukichukua namba kabla ya kumaliza, karani akighairi unabaki na pengo.

mama_reality
@mhasibu_kizingo umesema kweli na nakuheshimu kwa hilo. Ndiyo maana nimesema ichukuliwe baada ya kuthibitisha. Akighairi kabla, hakuna namba iliyotumika. Pengo litatokea endapo umeme utakatika kati ya kuandika GATE.NO na kuandika pasi, na hapo pengo moja lenye maelezo linavumilika. Ukitaka hata hilo lisitokee, UniVerse ina BEGIN TRANSACTION na COMMIT, maandiko yote mawili yaingie pamoja au yasiingie kabisa. Lakini hapo kufuli hukaa mpaka COMMIT, basi msirudishe INPUT humo ndani.

Kinachopotea ni ile raha ya karani kuona namba ya pasi mapema. Atazoea.

mwana_wa_changamwe
Mama, leo limeganda tena kabla sijabadilisha programu. Nikaona kuna amri ya UNLOCK. Nimeijaribu kwa 61, geti likafunguka hapo hapo. Kwa nini nisiwaachie wasimamizi wa zamu waitumie?

mama_reality
Kwa sababu UNLOCK haimwambii mwenye kufuli kwamba amenyang'anywa. Mzimu haujali. Siku zamu itakapomfungulia mtu aliye hai, yule ataendelea kujaza skrini yake, na mwengine ataisoma rekodi ile ile, kila mmoja ataandika, na wa mwisho atafuta kazi ya wa kwanza. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Utaligundua mwisho wa mwezi.

Hakikisha kwanza kikao kimekufa, ukimalize kikao chenyewe, kufuli litaondoka nacho. Na ukikimaliza kwa Linux, kill ya kawaida. kill -9, ile ya kuua papo hapo, usiiguse. Ukiua prosesi iko katikati ya kuandika kikundi cha faili, yaani kipande kimoja chenye rekodi kadhaa, unaacha faili nusu limeandikwa. Na kuzima seva mara tisa watu wakiwa ndani ni ndugu yake kill -9. Usiku huu, watu wote wakishatoka, fanya COUNT ya kila faili kubwa. COUNT hupita faili lote kikundi baada ya kikundi, ikilalamika au isipofika mwisho umejua pa kuangalia. Usikimbilie zana za kutengeneza kabla hujachukua nakala, na nakala uichukue mfumo ukiwa umesimama. Faili za aina 30, zile zinazojikuza zenyewe, zina DATA.30 na OVER.30, ukizinakili watu wakiandika unaweza kupata nusu ya jana na nusu ya leo.

mwana_wa_changamwe
COUNT imefanyika, faili zote zimefika mwisho ila moja ya stoo, hiyo tumeirudisha kutoka nakala ya Jumapili. Sysctl nimeweka. Makontena matupu yamehamishwa (vita vyake sikwambii). GATE.OUT mpya iko kazini siku ya nne, haijaganda.

Lakini kontena za mizimu, zilizotoka na mfumo unasema zipo yadini, bado zipo, na yule mteja ametozwa tena ya mwenziwe.

mama_reality
Hizo tafuta kwenye programu inayosoma kwa READ kisha ikaandika kwa WRITE. Imesoma nakala saa tatu, geti limebadilisha rekodi saa tatu na dakika mbili, yeye anaandika nakala yake ya zamani saa tatu na dakika tano. Kontena lililotoka limerudi yadini. Mara nyingi ni programu iliyoongezwa baadaye na fundi wa kupita.

mwana_wa_changamwe
Ipo! STORAGE.CALC, inahesabu gharama za kukaa yadini, iliongezwa na fundi wa nje, na inaendeshwa mchana. READ, hesabu ndefu, WRITE. Nimeigeuza READU, nikaiendesha nyuma ya pazia, bila skrini, kwa PHANTOM, na baada ya muda ikafa ikisema jedwali la makufuli limejaa!

mama_reality
Kwa kuwa inashika rekodi na haiachii zile ambazo hazikuhitaji kubadilishwa. Weka RELEASE kwenye kila rekodi unayoiruka. Watu watakwambia uongeze RLTABSZ, ukubwa wa jedwali hilo, kwenye faili la mipangilio la uvconfig. Inaongezeka, kisha uvregen, kisha kuanzisha upya, na mwezi ujao itajaa tena.

Gharama za mteja mmoja kwenda kwa mwengine, hiyo nahisi ni orodha zilizoteleza. Rekodi zetu huweka thamani nyingi kwenye uga mmoja: namba za kontena uga huu, gharama uga ule, ya tatu huku ni ya tatu kule. Kitu kikiingiza thamani moja upande mmoja, zote za chini yake zinahama nyumba. Niambie, mteja huyo ana jina la kigeni?

mwana_wa_changamwe
Mama, umejuaje? Si yeye, ni wakala wake, anwani ni ya Zürich. Tunazipokea kutoka kwenye faili la wakala wa meli, zinaingizwa moja kwa moja.

mama_reality
Alama zetu za kutenganisha ni herufi za juu kabisa: 254 hutenganisha nyuga, 253 thamani, 252 thamani ndogo. Kwenye maandishi ya Latin-1, ule mpango wa zamani wa kuzipa herufi namba, herufi ü ni 252, na ý ni 253. Zürich ikiingia ghafi, mfumo unaona Z, kisha ukuta, kisha rich. Herufi ü peke yake hukata anwani vipande, haihamishi gharama. Tafuta kwenye faili hilo hilo jina lenye ý, hiyo ndiyo inayozaa thamani nzima mpya. Safisha herufi kabla ya kuingiza.

mwana_wa_changamwe
Ilikuwepo. Jina la mtu, mstari wa juu kabisa. Nimeweka kichujio, na mhasibu anarekebisha ankara kwa mkono.

Jana nimempigia yule mzee Lamu, nikamsomea mistari yake. Hakukasirika. Amesema wakati ule geti lilikuwa moja, karani mmoja, terminali ya waya, na waya ukichomoka kikao kilikufa papo hapo. Alishika namba tangu mwanzo kwa sababu mkaguzi alitaka karani aione kabla lori halijasogea. Kisha akaniuliza, "Sasa mlikuwa mkikaa saa mbili mnangoja, kwani skrini hazilii tena?"

Nikamwambia siku hizi ni tableti mzee, na sauti wameizima.